Maandalizi ya mwanachuo kabla ya mwaka wa masomo: kutoka Lovanium hadi Kasapa

Historia ya vyuo vikuu vya Kongo huandikwa kwa kawaida kwa kufuata amri za serikali: amri ya kuanzisha, amri ya kuunganisha, amri ya kutenganisha. Marekta hupangwa kwa zamu zao na majengo huhesabiwa. Ni nadra kukuta ukurasa unaomtazama mwanachuo katika majuma yale yanayotangulia somo la kwanza, anapotafuta hati, nauli, godoro na mahali pa kulala. Hata hivyo, ni katika majuma hayo hasa ndipo inapoonekana ni nani aliyeubeba mzigo wa elimu ya juu katika kila kipindi: misioni, dola, au mzazi. Makala haya yanafuata mzigo huo tangu mwaka 1954, yakikaa zaidi upande wa Lubumbashi na wa nchi za Kiswahili za mashariki, kwa kuwa huko ndiko njia ya kwenda chuoni ilikuwa ndefu kuliko kwingine kote.

Kabla ya 1954 Mkongo aliyetaka elimu ya juu alikuwa na mlango mmoja tu ulio wazi kweli, nao ni ule wa seminari kuu. Wasaidizi wa tiba na wasaidizi wa kilimo walifundishwa Kisantu, lakini hati walizopewa hazikuwa shahada za chuo kikuu. Wachache mno walipelekwa Ubelgiji. Thomas Kanza alipomaliza masomo yake Louvain mwaka 1956, jambo hilo lilihesabiwa kuwa ajabu, kwani hakuna Mkongo asiye padri aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Shule za sekondari zenyewe zilikuwa kizuizi. Mageuzi ya 1948 ndiyo yaliyoanzisha sekondari ya miaka sita ya kumwandaa kijana kwa masomo ya juu, na matunda yake hayangeweza kuiva kabla ya katikati ya miaka ya 1950.

Hivyo basi, Lovanium ilipofungua milango yake mwaka 1954 juu ya kilima cha Kimwenza, karibu na Léopoldville, chini ya rekta wake wa kwanza Monsinyori Luc Gillon, jambo la kwanza ililolazimika kufundisha lilikuwa maandalizi yenyewe. Wanafunzi wengi wa mwanzo walipitia mwaka wa kabla ya chuo kikuu, wakikamilisha yale ambayo shule za koloni hazikuwafundisha. Kujiandaa hapo hakukuwa kufunga sanduku; kulikuwa mwaka mzima wa maisha ya kijana. Vinginevyo chuo kilimpokea kwa ukamilifu: kitanda, meza ya kusomea, chakula mezani. Mwaka 1959 kilima hicho kilikuwa tayari na tanuri la nyuklia la utafiti, la kwanza barani Afrika, wakati Wakongo waliokuwa na shahada wangeweza wote kuketi katika chumba kimoja na viti vikabaki. Mpangilio huo wa mambo unasema mengi kuhusu mawazo ya waliokipanga chuo.

Katanga ilipata chuo chake mwaka 1956. Amri ya Oktoba 1955 ilikuwa imeunda Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, na makao yake yakawa Élisabethville. Kilikuwa chuo cha serikali, si cha misioni, na kiliwapokea wanafunzi wa rangi zote tangu siku ya kwanza, ingawa Wazungu ndio waliokuwa wengi madarasani. Mwaka huohuo wa 1956 reli ya Kabalo hadi Kamina ilikamilika, ikaunganisha njia za Maniema na Tanganyika na zile za Katanga ya kusini. Hakuna aliyeijenga reli hiyo kwa ajili ya wanafunzi. Ilijengwa kwa ajili ya mizigo. Lakini kuanzia hapo kijana wa Kindu, Kongolo au Albertville aliweza kupanda gari moshi kwao na kushuka Élisabethville bila kuiacha reli. Kwa msomi wa Kiswahili tarehe hizo mbili zinazokutana katika mwaka mmoja zina uzito, kwa sababu reli na chuo vilianza pamoja kazi ya kuchanganya Viswahili vya sehemu mbalimbali.

Uhuru ulileta furaha, na pamoja nayo matatizo ambayo maandalizi ya mwanachuo yaliyahisi mapema. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, na hadi Januari 1963 Élisabethville ilikuwa mji mkuu wa dola lisilotambuliwa na wengine. Chuo kilibadilishwa jina kikaitwa Chuo Kikuu cha Dola. Kwa kijana wa Kasai au wa Léopoldville aliyetaka kusoma huko, safari ilikuwa imegeuka kuwa suala la mpaka na siasa, tena na la fedha, kwani Katanga ilikuwa na sarafu yake yenyewe. Upande wa kaskazini, Chuo Kikuu Huru kilichoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti Stanleyville mwaka 1963 hakikupata hata miaka miwili ya utulivu: mnamo Agosti 1964 Wasimba waliuteka mji, na chuo kikalazimika kuhamishia masomo yake Léopoldville kwa muda. Mwanafunzi aliyekuwa amejiandaa kwa Mto Tshopo alijikuta akitafuta kitanda kwenye kilima cha Kimwenza.

Mnamo 1967 serikali iliweka mtihani mmoja wa taifa mwishoni mwa sekondari, ule unaoitwa Mtihani wa Dola. Hapo maandalizi ya mwanachuo yalipata mwanzo mpya unaojulikana na kila familia: kungojea matokeo. Majina ya waliofaulu yalingojewa redioni, na alama ya 50 kwa 100 ikawa ukuta kati ya wanaocheka na wanaolia. Hadi leo, ijapokuwa matokeo hufika kwa simu ya mkononi, aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na kutembezwa mtaani. Baada ya poda hufuata karatasi: cheti chenyewe, ambacho mara nyingi huchelewa, ripoti za shule za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, hati ya mwenendo mwema, hati ya daktari na picha. Mtu asiyewahi kuzikusanya hati hizo katika majira ya kiangazi, ofisi baada ya ofisi, atadhani ni jambo dogo.

Tukio kubwa kuliko yote katika historia hii ni la mwaka 1971. Tarehe 4 Juni 1969 askari walikuwa wamewafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa, na wengi walikufa. Wanafunzi wa Lovanium walipotaka kuwakumbuka wenzao miaka miwili baadaye, Rais Mobutu alikifunga chuo na kuwaandikisha jeshini kwa wingi. Mnamo Agosti 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kama kilivyoitwa baada ya nchi kubadilishwa jina mwezi Oktoba, chini ya rekta mmoja, Monsinyori Tharcisse Tshibangu. Vitivo viligawanywa kwa kampasi tatu. Fasihi, lugha, historia na sayansi za jamii zilipelekwa Lubumbashi. Saikolojia na elimu zikapelekwa Kisangani. Mageuzi hayohayo yaliondoa utaratibu wa zamani wa Kibelgiji wa miaka miwili ya mwanzo na kuweka gradua ya miaka mitatu, ikifuatwa na lisansi ya miaka miwili.

Wanahistoria wengi wameeleza kwamba lengo la kugawanya vitivo lilikuwa pia kuwatawanya wanafunzi wenye maneno mengi na kuwaweka mbali na ikulu. Maelezo hayo yana nguvu. Yasiyoelezwa vya kutosha ni maana ya amri hiyo kwa kijana aliyekuwa akiishi Kinshasa na ambaye, katika muda wa miezi michache, aliambiwa kwamba kitivo chake kipo upande mwingine wa nchi. Safari ya kawaida ilikuwa kwa mashua kubwa ya abiria, kupanda Mto Kongo kisha Mto Kasai hadi Ilebo, ambayo zamani iliitwa Port-Francqui. Huko mtu aliacha maji na kupanda gari moshi. Njia ya reli hiyo, iliyofika Ilebo tangu 1928, ina zaidi ya kilomita 1500 hadi Lubumbashi, ikipitia Mweka, Kananga, Mwene-Ditu, Kamina, Tenke na Likasi. Aliyetoka Kisangani alikuwa na njia ya ajabu zaidi: reli ya kilomita 125 hadi Ubundu ili kuyaepuka maporomoko, kisha mashua hadi Kindu, kisha reli tena hadi Kabalo na Kamina. Aliyetoka Bukavu aliteremka Uvira, akavuka kwa meli Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, ndipo akaingia relini. Ndege ilikuwapo, na baadhi waliipanda. Bali mizigo, na wengi wa wanafunzi, vilifuata chuma na maji.

Safari ya namna hiyo haipangwi kwa siku moja. Unga, karanga na samaki wakavu vilifungwa na mama kabla ya vitabu, kwa kuwa vitabu vingepatikana mbele na chakula huenda kisipatikane. Sanduku la bati lilipendwa kuliko la ngozi kwa sababu ya mvua na kwa sababu lilikaliwa kama kiti. Fedha za nauli zilichangwa na baba, wajomba na kaka wakubwa, na mchango huo ulikuwa na masharti yasiyoandikwa: anayepelekwa leo atawasomesha wadogo zake kesho. Ni deni lililowekwa kabla ya somo la kwanza kusikika, na wengi walilipa kwa miaka ishirini. Masomo yalitakiwa kuanza Oktoba, wakati mvua za kwanza za Katanga zinapokaribia, na aliyechelewa njiani alikuta wenzake wamekwisha kuandika madaftari mawili.

Inafaa kukaa kidogo juu ya lugha. Mwanafunzi wa Kinshasa aliyefika Lubumbashi baada ya 1971 alikuwa na Lingala na Kifaransa. Darasani Kifaransa kilitosha, sokoni hakikutosha. Alijifunza Kiswahili kwa kununua makaa na kwa kujifunza kula bukari ya mahindi mahali pa fufu ya muhogo. Mwenzake wa Bukavu au Kindu aliingia na Kiswahili chake, akachekwa kwa matamshi, naye akacheka vilevile. Kampasi ya Kasapa ikawa mahali ambapo Viswahili vya Kivu, Maniema, Tanganyika na migodini vilisikika katika korido moja. Haikuwa bahati tu kwamba utafiti wa Kiswahili cha mjini ulistawi hapo miaka hiyo. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alichapisha mwaka 1986 kitabu chake juu ya lugha na utawala wa kikoloni, kinachofuata Kiswahili katika Kongo ya Kibelgiji kati ya 1880 na 1938; na tasnifu za wanafunzi wa Zaire wenyewe zilikusanya maneno ambayo hakuna kamusi ya pwani iliyoyajua. Amri iliyotungwa ili kuwatawanya wanafunzi iliwakusanya wasemaji. Aliyeitunga hakulikusudia hilo.

Maneno ya maandalizi yenyewe ni ushahidi. Valizi na matela yalitoka katika Kifaransa cha misioni na cha kituo cha reli. Burse, yaani posho ya masomo, na homu, yaani jumba la kulala wanafunzi, yalikuja na dola lililolipa na kulaza. Silabu, yale maandishi ya somo yanayouzwa na walimu, yalikaa mbali na pochi ya mwanafunzi wakati maktaba zilipokuwa na vitabu, yakaja kuwa mzigo baadaye. Lenye safari ndefu kuliko yote ni minervali. Neno hilo hutokana na Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Waroma, na huko Roma lilikuwa jina la malipo ya mwalimu. Wabelgiji walilitumia kwa ada ya chuo. Mama auzaye mboga katika soko la komuni ya Kenya, Lubumbashi, hulitaja mara nyingi kuliko profesa wa Kilatini, tena kwa kulijua vema zaidi.

Mwaka 1972 uliongeza kazi isiyotarajiwa. Siasa ya uhalisi iliwataka raia waache majina ya Kikristo. Kijana aliyekuwa Joseph au Marie kwenye ripoti zake za shule alipaswa kuandikishwa kwa jina jingine, na tofauti kati ya hati ya zamani na ya mpya ilihitaji kuelezwa mbele ya kila karani. Tai na koti la Kizungu vilitoka sandukuni, abakosti ikaingia. Wasomi wamecheka sana habari ya tai. Lakini jina lililobadilika katikati ya masomo ni jambo zito; wapo waliofuatwa na tofauti hiyo ya majina hadi kwenye faili za pensheni.

Mnamo 1981 Chuo Kikuu cha Taifa kilivunjwa na kampasi tatu zikawa vyuo vinavyojitegemea. Kwa mwandishi wa historia ya taasisi hiyo ni sura mpya. Kwa mwanafunzi badiliko lililouma lilikuwa jingine, nalo lilikuja bila tarehe moja. Katika miaka ya 1980 uchumi uliporomoka, burse ikapungua thamani kisha ikaacha kuhesabiwa, na meza za mkahawa wa chuo zikafungwa. Chumba cha homu kilichojengwa kwa wachache kikapokea wengi, mmoja akiwa na haki ya kitanda na wengine wakilala kwa kujificha. Kuanzia hapo orodha ya vitu vya kubeba ilirefuka: godoro, jiko la makaa, sufuria, ndoo, taa, na sabuni ya miezi mitatu. Kila kitu kilichoongezwa katika orodha ya mzazi kilikuwa kimeondolewa katika bajeti ya dola.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba hiyohiyo akaruhusu tai irudi. Majuma mawili na siku kadhaa baadaye, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha waliingia kampasi ya Lubumbashi na kuwashambulia wanafunzi vyumbani mwao. Idadi ya waliouawa imebishaniwa tangu siku ile: serikali ilikiri kifo kimoja, wengine walitaja makumi na zaidi. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake. Wanafunzi walikimbia usiku, wengi wakiacha vitu vyote, na masanduku yaliyofungwa na mama zao Oktoba yalibaki chini ya vitanda. Mwaka uliofuata, swali la kwanza nyumbani halikuwa tena nauli wala minervali. Lilikuwa kama mtoto arudi huko au asirudi.

Kisha yakaja mambo mfululizo. Askari walipora miji mnamo Septemba 1991. Tangu 1992 Wakasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, na maelfu yao walilala kwa majuma na miezi kwenye vituo vya Likasi na Kolwezi wakingojea gari moshi la kuwarudisha. Reli ileile iliyowaleta wanafunzi wa Kasai kwa miaka ishirini sasa iliwaondoa, wao na wazazi wao waliozaliwa Lubumbashi. Wengine walianza upya katika chuo kipya cha Mbuji-Mayi. Wengine hawakuanza tena. Hesabu ya waliokatizwa masomo kwa namna hiyo ingestahili tasnifu nzima, na orodha za uandikishaji za vyuo hivyo viwili, zikisomwa pamoja, zingetoa mwanzo mzuri.

Miaka hiyo pia ndiyo iliyozaa mwaka wa mpira, yaani mwaka wa masomo unaovutika. Walimu waligoma kwa sababu mishahara ilikuwa imekuwa bure, wazazi wakaanza kuchangia malipo yao, na mwaka uliofunguliwa uliweza kufungwa baada ya miezi kumi na minane. Katika hali hiyo kujiandaa kulipoteza kipimo chake. Unga wa miezi mitatu haukuwa na maana kwa mtu asiyejua tarehe. Ada ilihesabiwa kwa dola za Marekani, kwa kuwa zaire, hata ile mpya ya Oktoba 1993, iliyeyuka mfukoni. Vita vya 1998 hadi 2003 viliigawa nchi, na kijana wa Bukavu au Kisangani aliyefaulu mtihani hakuwa na njia ya kufika Lubumbashi hata akiwa na fedha. Vyuo vidogo vya mashariki vilivyoongezeka wakati huo vimelaumiwa sana kwa udhaifu wao. Lawama hiyo ina haki, lakini haina budi kukumbuka kwamba barabara na reli zilikuwa zimekatika.

Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022 wizara iliutandaza utaratibu mpya wa lisansi, masta na daktari. Gradua ya 1971 inaondoka, na mwaka unagawanywa katika semesta mbili zenye mikopo 30 kila moja. Kwa mara ya kwanza mwanachuo wa Kongo anatakiwa kujiandaa mara mbili kwa mwaka: kuandikishwa, kulipa, kununua silabu, kisha yote tena baada ya miezi michache. Familia zilizozoea kuuza mazao mara moja, baada ya mavuno, zimelazimika kugawanya hesabu zao upya, na karani wa fedha hangoji msimu.

Katika vitabu vya Kiswahili sanifu semesta huitwa muhula. Neno hilo ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni nafasi anayopewa mtu, hasa mdaiwa, kabla ya kutakiwa kutimiza yaliyo juu yake; pwani bado hutumika hivyo. Kasapa linalosikika zaidi ni semesta, na wanaoliandika mbaoni ni walewale waliolisikia kwa Kifaransa darasani. Hata hivyo mbele ya dirisha la mhasibu, mwezi wa kwanza wa masomo, mzazi aliyetoka Kasenga au Pweto na nusu ya minervali mkononi huomba apewe muda hadi mwisho wa mwezi. Karani huandika tarehe kwenye karatasi ndogo, hugonga muhuri, na mwanafunzi huruhusiwa kuingia darasani.